Shajara ya mradi: kupanga upya bili za kliniki ya wanawake ili klemu zisirudi

Hii ni shajara ya kazi ninayoifanya kwenye kliniki ndogo ya magonjwa ya wanawake huku Marekani, mi ndo mtu wa bili na misimbo, yaani natuma klemu (madai ya malipo kwa bima) zikiwa na namba za huduma na za ugonjwa. Hatuzalishi hapa, ni uchunguzi, matatizo ya hedhi, uzazi wa mpango, vipimo vya mlango wa kizazi na vitu vidogo vinavyofanyika ofisini. Naiweka ili mwenzangu yeyote anayefanya kazi hii aweze kufuata au kuiga, kwaiyo sehemu za kawaida nazipita haraka na sehemu zilizotukwamisha ndo nazipa nafasi.

13 Januari 2025. Kupanga barua za kukataliwa

Tuko daktari mmoja, nesi mtaalamu mmoja anayeona wagonjwa peke yake, mapokezi wawili na mimi. Lengo ni mawili: klemu ikitoka itoke safi, na mgonjwa asipate bili ya kitu ambacho kisheria hakutakiwa kulipia. Hili la pili ndo linaloniuma zaidi, mana hela ya kliniki tunaweza kuidai tena, lakini mama aliyeambiwa uchunguzi ni bure alafu akatumiwa bili nyumbani mwakani haji, na huyo ndo anakaa miaka bila kupimwa mlango wa kizazi.

Hatua ya kwanza nilichukua barua zote za kukataliwa za robo ya mwisho ya mwaka jana nikazipanga kwa kampuni ya bima. Haikusaidia, kila kampuni ilionekana mbaya tu na hakuna cha kurekebisha. Nikazivuruga nikazipanga upya kwa namba ya sababu iliyoandikwa kwenye majibu, na hapo picha ikatoka: CO-97 (malipo ya huduma hii yameshahesabiwa ndani ya nyingine), CO-11 (ugonjwa ulioandikwa hauendani na huduma), CO-16 (kuna taarifa imekosekana), CO-50 (bima haioni ulazima wa kitabibu) na CO-4 (modifaya, ile alama inayoongezwa kwenye namba ya huduma, haiendani na huduma). Rundo la CO-97 lilikuwa kubwa kuliko mengine. Mkianza, anzeni hivi, sababu kwanza, kampuni baadaye.

Kitu kingine kilichojitokeza ni fomu ya kuweka tiki ambayo kliniki imeirithi kutoka zamani. Ilikuwa bado na 99201, namba ya ziara ya mgonjwa mpya iliyofutwa tangu 2021, na B37.3 ya fangasi za ukeni ambayo tangu 1 Oktoba 2022 imegawanywa kuwa B37.31 kwa ya ghafla na B37.32 kwa ya muda mrefu. Yaani kuna klemu zilikuwa zinakufa kabla hata hazijasomwa na mtu. Fomu imetupwa.

Gharama mpaka hapa: vitabu vya mwaka huu, CPT (namba za huduma), ICD-10-CM (namba za magonjwa) na HCPCS (namba za vifaa, dawa na huduma nyingine), jumla kama dola 300 na ushee. Usijaribu kubana hapa ukatumia vya mwaka juzi. CPT inabadilika kila 1 Januari na ICD-10-CM kila 1 Oktoba, na mara nyingine 1 Aprili inaongezwa kidogo.

3 Februari. Fomu mpya, toleo la kwanza limeshindwa

Toleo la kwanza nililipanga kwa mfuatano wa namba kama kitabu kilivyo. Lilionekana safi sana kwenye karatasi na kwenye kazi halikufaa kabisa. Daktari ana dakika chache kati ya mgonjwa na mgonjwa, anaangalia juu ya ukurasa anatia tiki kwenye kitu cha kwanza kinachofanana, mwisho wa wiki karibu kila mtu ni 99213, ziara ya tatizo ya mgonjwa wa zamani.

Toleo la pili nimelipanga kwa swali moja tu, huyu mama amekuja kwa nini leo? Kuna milango mitano: amekuja kwa uchunguzi wa mwaka, amekuja na tatizo, amekuja kwa uzazi wa mpango, amekuja kwa sababu ya majibu ya kipimo, au amekuja kufanyiwa kitu kilichopangwa. Ukishafungua mlango ndani unakuta namba za huo mlango peke yake, na mapokezi wanaandika mlango wakati wa kupanga miadi, daktari anauthibitisha au anaubadilisha baada ya kumuona. Hili ndo limekuwa uti wa mgongo wa mradi wote, mana nimegundua karibu kila rundo la kukataliwa linaanzia pale ambapo sababu ya kuja na kilichoandikwa kwenye klemu haviongei lugha moja.

Mlango wa tatizo ni rahisi kiasi. Mgonjwa mpya 99202 mpaka 99205, wa zamani 99212 mpaka 99215, na mpya maana yake hajaonwa na daktari yeyote wa fani hiyohiyo katika kikundi hichohicho ndani ya miaka 3. Hapa mapokezi walikuwa wanamuita mpya kila aliyebadilisha bima, ikabidi tuandike maana yake kwa herufi kubwa kwenye dawati lao. Tangu 2021 kiwango kinachaguliwa kwa uzito wa maamuzi ya daktari au kwa muda wote aliotumia siku hiyohiyo: dakika 20 kwa 99213, 30 kwa 99214, 40 kwa 99215. Zile hesabu za zamani za umeuliza maswali mangapi na umegusa viungo vingapi zimeondoka kwenye kuchagua kiwango, na tempuleti zetu zilikuwa bado zinazihesabu, kurasa tatu za maneno ambazo hazimsaidii mtu. Tumezikata.

24 Februari. Uchunguzi wa mwaka pamoja na tatizo siku moja

Hapa ndo penye vita kubwa, kwaiyo nitakaa kidogo.

Uchunguzi wa mwaka kwa mgonjwa wa zamani ni 99395 akiwa na miaka 18 hadi 39, 99396 akiwa 40 hadi 64. Kwa mpya ni 99385 na 99386. Ugonjwa wa kuandika ni Z01.419 kama hakuna kisicho cha kawaida, au Z01.411 kama kipo. Sasa mama anakuja kwa uchunguzi wa mwaka, yuko juu ya kitanda anasema "dokta, hedhi yangu siku hizi inatoka sana mpaka naishiwa nguvu". Daktari anasikiliza, anauliza, anaagiza kipimo cha damu na ultrasaundi, anaandika dawa. Hiyo ni kazi nyingine juu ya uchunguzi na inaruhusiwa kudaiwa: 99396 kwa uchunguzi na 99213 yenye modifaya 25 kwa tatizo.

Zilikuwa zinarudi. Kwanza kwa sababu modifaya haikuwepo, nikaiweka, zikaendelea kurudi CO-97. Nikaomba kopi za noti zilizotumwa na nikaona tatizo liko wapi: noti nzima ni aya moja, hedhi imechanganywa na matiti imechanganywa na kipimo cha shinikizo la damu, mtu wa bima akisoma haoni wapi uchunguzi unaishia na tatizo linaanzia. Modifaya 25 inasema kuna kazi iliyojitenga, sasa kama noti haijitengi unataka akuamini vipi?

Marekebisho ni mawili. Noti ina vichwa viwili, uchunguzi juu na tatizo chini, tatizo lina historia yake na mpango wake. Kama daktari anachagua kiwango cha tatizo kwa muda, dakika za uchunguzi hazihesabiwi humo. Pili ni mishale kwenye fomu ya klemu yenyewe, CMS-1500, sehemu 24E: mstari wa 99396 unaelekezwa kwa Z01.411 tu, mstari wa 99213 unaelekezwa kwa N92.0, hedhi nyingi yenye mzunguko wa kawaida. Programu yetu ilikuwa inaelekeza kila ugonjwa kwa kila mstari bila kuulizwa, kwaiyo uchunguzi wa kinga ulionekana kama matibabu na bima ikamkata mama. Nimeizima hiyo tabia kwenye mipangilio na nikawapigia watu wa programu kuhakikisha haitajirudisha yenyewe ikipata sasisho.

Kuhusu Z01.411, msielewe vibaya, sio kila mwenye uvimbe kwenye kizazi anaipata. Mwongozo unasema kisicho cha kawaida ni kile kilichogundulika sasa au cha zamani kilichobadilika ukali. Mama ana faibroidi zilizotulia tangu mwaka juzi na leo ziko vilevile, hiyo ni Z01.419 na faibroidi zinaandikwa pembeni kama zimejadiliwa. Na kama majibu ya pap smia (kipimo cha seli za mlango wa kizazi) hayajarudi wakati unaandika, unaandika unachokijua wakati huo, usikalie klemu wiki mbili ukisubiri.

Alafu kuna upande wa mgonjwa. Tangu Agosti 2012 bima nyingi za binafsi chini ya sheria ya afya ya Obama zinatakiwa kulipia uchunguzi wa kinga wa wanawake bila mgonjwa kuchangia, lakini mstari wa tatizo unaweza kumletea mchango au ukaingia kwenye kile kiasi anachotakiwa ajilipie kwanza. Mama hajui hilo, yeye anajua amekuja kwa miadi moja. Tumeandika sentensi ya kusema kabla: "Hili unaloniambia naweza kulishughulikia leo, ila bima inalihesabu kama tatizo na inaweza kukutoza, ungependa tulifanye leo au tulipangie siku yake?" Daktari alikuwa na wasiwasi kwamba itaonekana kama kumfukuza mtu. Tuliyoyaona mpaka sasa ni kwamba wengi wanasema tulifanye leo, na simu za malalamiko zimepungua hata kabla hela hazijaanza kuingia vizuri.

17 Machi. Wagonjwa wa Medicare

Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, ni nchi nyingine. Hailipii 99387 wala 99397, zile za miaka 65 na kuendelea, uchunguzi wa mwaka kwa maana ile ya kawaida haumo. Inacholipia ni vipande: G0101 kwa uchunguzi wa nyonga na matiti wa kutafuta saratani, na Q0091 kwa kuchukua sampuli ya pap smia. Kwa asiye na hatari kubwa ni mara moja kila miezi 24, mwenye hatari kubwa kila mwaka.

G0101 zilikuwa zinapita, alafu tukakagua noti wenyewe na tukaona tukiulizwa hatuna cha kuonyesha. Inatakiwa angalau vipengele 7 kati ya 11 viwe vimeandikwa: matiti, kidole kwenye njia ya haja kubwa, sehemu za nje za uke, tundu la mkojo, mrija wa mkojo, kibofu, uke, mlango wa kizazi, kizazi chenyewe, mirija na ovari, na eneo la mkundu na msamba. Noti zetu zilisema "nyonga kawaida". Hiyo haihesabiki hata kimoja. Tempuleti sasa ina mistari 11, na haijajazwa yenyewe, hili nilisisitiza sana, mana tempuleti inayokuja na "kawaida" kila mahali ni hatari, siku ya ukaguzi utaonekana umemchunguza mlango wa kizazi mama ambaye ulishatolewa. Huyo wa upasuaji wa kutoa kizazi na mlango wake ana msimbo wake, Z90.710, na uwepo kwenye orodha yake ya kudumu ili mtu asimdai pap smia ya mlango wa kizazi kwa mazoea.

Kwenye muda wa miezi 24 tulijaribu kumuuliza mgonjwa mara ya mwisho ilikuwa lini. Haikufaa, mtu anakumbuka mwaka na sio mwezi, na mara nyingine alifanyiwa kwa daktari mwingine. Sasa mapokezi wanaangalia tarehe ya kustahili kwenye mfumo wa Medicare siku mbili kabla, na kama muda haujafika anaelezwa na anasaini ile fomu ya ABN (kwamba atalipa mwenyewe Medicare ikikataa) kabla hajaguswa, kisha mstari unapewa modifaya GA kuonyesha ameshasaini. Bila saini hiyo hatumtumii bili, gharama ni yetu.

Tahadhari moja: Q0091 tuliizoea kwa Medicare na ilikuwa inatumwa pia kwa bima za binafsi. Nyingi zinairudisha CO-97 kwa kuwa kuchukua sampuli kumeshahesabiwa ndani ya 99396. Sehemu nzuri tu ya lile rundo la Januari ilikuwa hii. Na kupima sampuli yenyewe ni dai la maabara, sisi hatuna haki ya kulitia mkono.

28 Aprili. Vitanzi

Hapa ndo hela za kliniki zilikuwa zinavuja kweli, mana kifaa tunanunua sisi kwanza, ni mamia ya dola kwa kimoja na kuna vinavyopita elfu, alafu tunasubiri bima iturudishie. Klemu moja ikifa umepoteza kifaa na kazi.

Kuweka ni 58300, kutoa ni 58301. Ugonjwa Z30.430 kuweka, Z30.432 kutoa, Z30.433 kutoa na kuweka kingine, Z30.431 kukagua. Kifaa kina namba yake ya J kulingana na chapa: J7298 ni Mirena, J7297 ni Liletta, J7296 Kyleena, J7301 Skyla, J7300 ni Paragard ya shaba. Mirena na Liletta vyote vina miligramu 52 za levonorgestrel na kwenye noti daktari alikuwa anaandika "kitanzi cha homoni 52", kwaiyo tunaotuma tunakisia. Ukituma J7297 na namba ya dawa ya Mirena klemu inarudi CO-16, na ukituma bila namba ya dawa kabisa bima nyingi zinairudisha hivyohivyo.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kumwambia nesi aandike namba ya dawa kwa mkono. Tarakimu 11, chumba kina haraka, zikawa zinakosewa. Tulichofanya baadae ni kubandika lebo ya boksi kwenye daftari la vitanzi na kuipiga picha iingie kwenye faili la mgonjwa. Gharama: daftari na mkanda. Tangu hapo hakuna kilichorudi kwa sababu hiyo.

Swali ninaloulizwa sana ni kama siku ya kuweka unaweza kudai pia 99213. Kama mama alishaamua, amekuja tu kuwekewa, hapana. Kama amekuja hajui anataka nini, mkajadili njia zote na afya yake alafu akachagua na akawekewa siku hiyohiyo, ndio, na modifaya 25, ila noti iyaonyeshe mazungumzo. Kipimo cha mimba cha mkojo 81025 kinaenda na Z32.02 kikiwa hakuna mimba.

Kuna siku kitanzi kinashindikana, mlango wa kizazi umebana au mama anaumia mno na daktari anaacha. Kliniki ilikuwa haidai kitu. Unadai 58300 na modifaya 52 au 53 kutegemea kilichotokea na kanuni za bima husika, na daktari aandike amefika wapi na kwa nini ameacha. Kifaa kilichochafuka muulize mtengenezaji, wapo wanaobadilisha, na kumtumia mama bili ya kifaa ambacho hakiko mwilini mwake hatufanyi.

Kutoa na kuweka siku moja, 58301 na 58300 pamoja, bima moja inataka modifaya 51 na nyingine 59. Hakuna njia ya mkato, nimetengeneza jedwali kwenye Excel na kila jibu linaloingia nalijaza.

16 Juni. Kolposkopi

Mlango wa nne, amekuja kwa sababu ya majibu, na hapa ni kolposkopi, yaani kuangalia mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza (kolposkopu). Kosa kubwa lililokuwa limezoeleka ni kuandika Z12.4, ile ya kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa mtu asiye na dalili. Huyu keshapimwa, ana majibu. Andika majibu: R87.610 kwa ASC-US (seli zisizoeleweka vizuri), R87.612 kwa LSIL (mabadiliko madogo ya seli), R87.613 kwa HSIL (mabadiliko makubwa), R87.810 kama ni HPV (virusi) ya hatari kubwa.

Huduma zenyewe: 57452 kuangalia tu, 57455 na biopsi (kukata kipande cha kupima) ya mlango wa kizazi, 57456 na kukwangua ndani ya njia ya mlango, 57454 vyote viwili. Zilizokuwa zinarudi zilikuwa na 57455 na 57456 kwenye mistari miwili. Vyote viwili vikifanyika ni 57454 peke yake, hata akikata vipande vinne ni moja. Na ikifanyika biopsi ya ndani ya kizazi kwenye kolposkopi hiyohiyo inaongezwa 58110, sio 58100 inayosimama peke yake.

Tulijaribu pia kuzuia klemu zote za biopsi mpaka majibu ya patholojia yarudi, ili ugonjwa uandikwe wa uhakika. Kwa nadharia ni sawa, majibu yakiwepo wakati unaandika unayatumia. Kwa vitendo klemu zilirundikana, moja ya bima ina siku 90 tu za kutuma na nyingine zikaanza kukaribia ukingo. Nimeibadilisha: kolposkopi haibadiliki namba kwa sababu ya majibu, kwaiyo inaondoka na R87 iliyomleta. Tunazozuia ni kuondoa kivimbe cha ngozi ya sehemu za siri, mana pale namba yenyewe ya kazi inategemea, 11420 na ndugu zake kwa kisicho saratani, 11620 na ndugu zake kwa saratani.

LEEP, kukata sehemu ya mlango wa kizazi kwa waya wa umeme, ilitupa somo lake. 57461 inafanyika kwa kutumia kolposkopu, 57522 bila. Zinaonekana mapacha ila 57522 ina siku 90 ambazo ziara za ufuatiliaji zimeshalipwa ndani yake, 57461 haina. Noti haikuwa inasema kolposkopu ilitumika au la, mtu akachagua 57522, na kila mama akirudi kuangaliwa inarudi CO-97. Kumbe kolposkopu daktari alikuwa anaitumia kila mara. Sasa neno hilo lina mstari wake kwenye noti. Kama 57522 imefanyika kweli na mama akarudi ndani ya siku hizo 90 kwa jambo lisilohusiana, ziara hiyo inapewa modifaya 24.

21 Julai. "Inahisiwa kuwa"

CO-50 na CO-11 za ultrasaundi. Oda zilisema "kuondoa wasiwasi wa faibroidi", na aliyeingiza akaandika D25.9 kana kwamba faibroidi zimeonekana. Kwa mgonjwa wa nje haturuhusiwi kuandika kinachohisiwa, tunaandika dalili inayojulikana: N92.0, N92.1 kama mzunguko haueleweki, N95.0 kama anatokwa damu baada ya kukoma hedhi. Na sio suala la hela tu, mama akiandikiwa ugonjwa asio nao unabaki kwenye rekodi zake na bima yake, kuutoa ni kazi ya miezi.

76830 ya kupitia ukeni na 76856 ya juu ya tumbo zinaweza kudaiwa siku moja, ila kila moja iwe na oda, sababu, picha zilizohifadhiwa na ripoti. Tulikuwa na ripoti moja ya mistari mitatu kwa zote mbili. Imegawanywa.

Lingine: mgonjwa ambaye bima yake imemwandika mwanamume na ana mlango wa kizazi. Mfumo unamkataa kwa jinsia kabla ya mtu kusoma. Kwa Medicare kuna modifaya KX ya kulipitisha, kwa bima nyingine tunapiga simu kabla ya miadi. Mtu huyu akishakataliwa mara moja kwenye dirisha hatarudi kupimwa, kwaiyo simu hiyo naipiga mwenyewe.

6 Oktoba. Msimbo umegawanyika

Maumivu ya nyonga yalikuwa R10.2. Kuanzia 1 Oktoba hiyo haitoshi, inataka upande: R10.21 kulia, R10.22 kushoto, R10.23 pande zote, R10.20 kama haikutajwa. Tulijua inakuja na nilikuwa nimeshabadilisha fomu, lakini orodha ya vipendwa ya nesi ndani ya programu ilibaki na ile ya zamani na klemu za siku za mwanzo zikagonga ukuta. Kilichotuokoa ni kwamba kampuni inayopitisha klemu inazikamata kabla hazijafika bima, kwa dola 45 kwa mwezi hiyo huduma imejilipa yenyewe.

Kumbukeni inayohesabika ni tarehe ya huduma na sio ya kutuma. Mama aliyeonwa 30 Septemba anabaki na R10.2 hata ukituma leo. Kuna mtu alitaka kubadilisha zote kwa mkupuo, tukamzuia.

15 Desemba. Tulipo

Rundo la CO-97 limeshuka mpaka naweza kulisoma kwa kikao kimoja. CO-16 karibu imeisha. CO-50 bado ipo kwenye ultrasaundi na tunakata rufaa moja moja, nikiambatanisha noti yenye vichwa viwili na nukuu ya kanuni ya bima yenyewe, barua fupi tu, ndefu hazisomwi.

Gharama nje ya vitabu na huduma ya dola 45: masaa ya daktari ya kubadilisha noti ndo makubwa kuliko kitu chochote, jioni nyingi za Februari na Machi zilienda huko, na kliniki iliulipia muda wa mapokezi kujifunza milango mitano.

Kisichoeleweka bado ni 99459. Ilianza 2024, ni namba ya kuongezea kwenye ziara pale uchunguzi wa nyonga unapofanyika, inafidia vifaa na msaidizi anayekaa chumbani, haina kazi ya daktari ndani yake. Medicare inailipa ikiambatana na ziara kama 99213, baadhi ya binafsi zinailipa, nyingine zinasema imo ndani. Tunaituma kila inapostahili, noti inataja nani alikuwa chumbani, na safu yake kwenye jedwali inajazwa. Haidaiwi ziara ikiwa ni 57454 tu bila ziara ya tathmini.

Vitabu vya 2026 vimeshafika na fomu inapitiwa kwa ajili ya 1 Januari. Mlango wa vipandikizi, 11981, 11982 na 11983, bado haujapata ukurasa wake, na daftari la lebo linahitaji safu ya mkono gani kimewekwa. Nitaongeza hapa ikikamilika.